Shajara ya mradi: kitenzi -piga katika magazeti na majarida ya zamani

Juma la 1

Kitenzi kimechaguliwa: -piga. Fungua ukurasa wowote wa gazeti la Kiswahili la zamani nacho kipo, na mara nyingi hakuna aliyegongwa wala kuchapwa. Mtu kapiga simu, chama kimepigwa marufuku, mgeni kapigwa picha, gazeti lenyewe limepigwa chapa. Mzigo wa maana umebebwa na nomino, na -piga imeubeba mzigo huo kama mkokoteni.

Swali la mradi ni moja. Mwandishi alipoandika -piga na nomino nyuma yake, je, nomino hiyo ilikuwa bado nomino inayojitegemea, au ilikuwa imeyeyuka ndani ya kitenzi hata ikawa neno moja vinywani, ingawa kwa macho ni mawili? Jibu lina faida kwa mtunga kamusi, kwa mwalimu wa sarufi, na kwa yeyote anayetaka kuisoma habari ya mwaka 1925 bila kuielewa visivyo.

Eneo la kazi: tunaanzia kwenye magazeti ya misheni ya karne ya 19, kama Msimulizi la Unguja (1888), tunapitia Mambo Leo lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 likitoka kila mwezi, kisha Baraza lililoanzishwa hapa Nairobi mwaka 1939, hadi miaka ya mwanzo ya Taifa Leo baada ya 1960. Tofauti ya leo kati ya gazeti na jarida haikuwa na uzito wakati huo. Mambo Leo lilikuwa la kila mwezi na bado liliitwa gazeti. Kwa hiyo hatutumii jina la chapisho kuamua liingie au lisiingie. Tunatazama lilitoka mara ngapi kwa mwaka, na kama lina habari na barua za wasomaji.

Sampuli: matoleo 4 kwa mwaka, ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kwa gazeti la kila juma tunachukua toleo la pili la mwezi. Desemba tumeiacha makusudi, kwa sababu Krismasi hujaza kurasa kwa kupiga kengele na kupiga magoti, na hesabu ya mwaka mzima huelemea upande mmoja.

Juma la 2

Kupiga picha kurasa. Hili ndilo juma ambalo makosa yake hayaonekani mpaka juma la sita, basi tunaandika vipimo vyote.

Programu za kusoma maandishi kutoka kwenye picha zinahitaji walau doti 300 kwa inchi. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukurasa wa jarida wa sentimita 28 kwa 21 ukijaza picha yote hupata takriban doti 363 kwa inchi, na hiyo inatosha. Ukurasa mkubwa wa gazeti, sentimita 58 kwa 40, ukiupiga mara moja hupata doti 175 tu. Jicho la mtu linasoma, kompyuta haisomi. Ukiugawa nusu kwa nusu unafika doti 254, bado ni pungufu. Ukiugawa robo nne unapata 350. Kwa hiyo gazeti kubwa ni picha 4 kwa kila ukurasa, na kila picha ipishane na jirani yake kwa sentimita 2, mpaka ukipita kwenye pengo kati ya safu na si katikati ya safu. Safu ikikatwa katikati, mistari yake hugawanyika kati ya picha mbili.

Bila mwako wa kamera. Karatasi ya gazeti ina asidi, inageuka kahawia na kuvunjika kwenye mikunjo. Isibanwe kwa kioo kizito na jalada lisifunguliwe zaidi ya pale linapofika lenyewe. Wekea jalada mito ya sponji pande zote mbili. Mwanga wa dirisha wa saa nne hadi saa nane mchana unafaa. Kwenye chumba cha kusomea, iwe Maktaba ya McMillan pale Banda Street au jengo la Nyaraka za Taifa kwenye Moi Avenue, omba ruhusa ya kamera kabla ya kuomba majalada, na uandike namba ya jalada kwenye karatasi inayoonekana ndani ya picha ya kwanza. Jina la faili hubadilika; karatasi iliyo ndani ya picha haibadiliki.

Juma la 3 na la 4

Usomaji wa maandishi unafanywa kwa programu iitwayo Tesseract, ambayo ina modeli ya Kiswahili, jina lake swa. Jaribio la kwanza lilipewa ukurasa mzima. Matokeo hayafai. Programu ilisoma moja kwa moja kutoka safu ya kwanza hadi ya pili kana kwamba ni mstari mmoja, na -piga iliyo mwishoni mwa safu ya kushoto ikaungana na bei ya pamba iliyo safu ya kulia. Kosa la namna hii ni baya kuliko herufi iliyoharibika. Herufi mbovu huonekana na kusahihishwa, lakini hili huzaa kirai ambacho hakikuwahi kuandikwa na mtu, tena chenye sura safi kabisa.

Dawa yake: kata kila safu iwe picha yake, kisha iendeshe kwa mpangilio wa 6, unaochukulia kwamba kilicho mbele ni bonge moja la maandishi. Matangazo ya biashara yakatwe kando. Yana herufi za mitindo mingi na yanaivuruga programu.

Makosa yanayojirudia kwenye neno letu ni haya: herufi i inasomwa kama l au namba 1, g inasomwa kama q, na w kwenye -pigwa inasomwa kama v mbili. Tunatafuta plga, p1ga, piqa na pigvva kwanza, tunasahihisha kwa kutazama picha, ndipo hesabu yoyote inafanyika.

Mkato wa mwisho wa mstari una hila zaidi. Wapanga chapa walikata neno popote nafasi ilipowaishia: alipi- juu, ga chini, au ku- juu, piga chini. Tukiunganisha kila kistari bila kufikiri tunaharibu maneno yaliyoandikwa kwa kistari tangu mwanzo. Kanuni tuliyoishikilia: unganisha ikiwa sehemu ya pili inaanza kwa herufi ndogo na neno zima lina shina pig-. Mengine yote yaachwe.

Juma la 5

Ruwaza ya utafutaji. Kutafuta piga peke yake kunapoteza nusu ya kazi, kwa sababu kitenzi hiki hubadilika mwisho: apige, hapigi, alipigwa, akampigia, wakapigana, alipigiwa, walipigishwa. Tunatafuta pig ikifuatwa na a, e, i au w, popote ndani ya neno. Mtego huu unanasa mengi yasiyotakiwa: mapigano, wapiganaji, mpiganaji, mpiga mbiu, na hata maneno ya Kiingereza kwenye matangazo ya mifugo. Nomino hizo zinahamishiwa faili la pili. Hazitupwi, kwa kuwa mpiga chapa na mpiga kura ni ushahidi mzuri wa nomino iliyokwisha kuota mizizi.

Tahajia ya kale inataka uangalifu wa pekee. Kabla ya usanifishaji, uliotokana na mkutano wa Mombasa wa 1928 na kamati ya lugha iliyoundwa 1930, kila chapisho lilikuwa na mazoea yake, na hata baada ya hapo mazoea hayakufa siku moja. Utakuta yaliopigwa mahali pa yaliyopigwa, aliepiga mahali pa aliyepiga, na ku piga ikiwa maneno mawili. Usisahihishe tahajia ndani ya faili kuu. Weka safu ya pili yenye umbo sanifu, na ya kwanza ibaki kama ilivyochapishwa.

Dirisha la maneno: tulianza na maneno 5 kulia na 0 kushoto, tukiamini nomino hufuata kitenzi. Si kweli kila wakati. Katika picha iliyopigwa na kura zilizopigwa, nomino iko kushoto. Katika alimpiga mtoto wa jirani yake picha, iko mbali kulia. Sasa dirisha ni maneno 6 kushoto na 7 kulia, na AntConc, programu ya kutafuta neno na kuonyesha maneno yaliyo jirani yake, inalipanga kwa neno la kwanza la kulia. Kazi imekuwa ndefu, lakini vishazi rejeshi havipotei tena.

Juma la 6

Tumegundua mstari wa anwani ya mpiga chapa. Kila toleo lina maneno ya namna ya limepigwa chapa na fulani, mahali fulani, chini ya ukurasa wa mwisho. Usipouondoa, kirai -pigwa chapa kinaongoza hesabu kwenye kila chapisho, na sababu si waandishi kukipenda. Sheria na desturi ya uchapaji ndizo zilizoudai mstari huo. Tumeuondoa kwenye matoleo yote na kuuweka faili lake.

Faili hilo lina faida yake. Chapa imetoka Bara Hindi, na piga chapa ilikuwa na maana ya kutia alama au muhuri, ng'ombe akiwemo. Kwenye matangazo ya wafugaji ng'ombe anapigwa chapa na hakuna karatasi yoyote. Baadaye lugha ikatoa kuchapa na kuchapisha, na maana zikagawana: mpiga chapa ni mwenye mitambo, mchapishaji ni mwenye kitabu. Serikali, ambayo haipendi kubadilisha jina la ofisi, imeendelea na mpigachapa muda mrefu.

Juma la 7 na la 8

Hapa ndipo moyo wa mradi ulipo, na tumekaa juma mbili bila kujuta.

Tumeunda vipimo vitatu vya kila nomino inayofuata -piga. Cha kwanza: inakubali urejeshi wenye kiambishi cha yambwa (kinachotendwa), kama picha aliyoipiga? Cha pili: inakubali kivumishi au idadi, kama picha tatu? Cha tatu: inaweza kuwa kiima cha kutendwa, kama picha ilipigwa? Sentensi zote za vipimo tumezitunga wenyewe. Ushahidi wa magazeti unakuja baadaye, kuthibitisha au kukanusha.

Picha inapita vyote vitatu. Kura nayo: kura aliyoipiga, kura mbili, kura zilipigwa. Simu vilevile. Hizi tunaziita nomino hai.

Marufuku inaanguka kote. Chama kilipigwa marufuku ni sawa, lakini marufuku ilipigwa inakwaruza sikio. Ukitaka kutia nguvu husemi aina ya marufuku, unasema kilipigwa marufuku kabisa, yaani unatumia kielezi, kama unavyokitilia nguvu kitenzi chochote. Nomino hiyo imeyeyuka. Na tazama kilichotokea baadaye: magazeti ya leo yameifufua, yanasema marufuku hiyo imeondolewa, na ilipofufuka haikurudi kwa -piga, bali imechukua -weka: marufuku iliyowekwa. Kwetu huu ni ushahidi wa wazi kwamba -piga na marufuku zilikuwa zimeshikamana, hivi kwamba nomino ilipotaka kusimama yenyewe ilibidi itafute kitenzi kingine.

Magoti imeyeyuka pia: hakuna asemaye magoti aliyoyapiga. Chapa, kwa maana ya uchapaji, imeyeyuka. Kwa maana ya alama ya mifugo ingali hai. Hatua ni hai, kwani hatua kubwa zilizopigwa ni Kiswahili kizuri.

Faini imesimama katikati. Faini aliyopigwa inakubalika, faini kubwa inakubalika, lakini faini ilipigwa haikai. Hapo sikio linadai ilitozwa. Tumeipa alama yake ya kati badala ya kuilazimisha upande mmoja.

Halafu kuna swali la mtu. Ni nani awezaye kuwa kiima cha kutendwa? Waziri alipigwa picha: sawa. Waziri alipigwa simu: hapana, alipigiwa simu. Mgombea alipigwa kura: hapana, alipigiwa kura. Mtuhumiwa alipigwa risasi: sawa. Basi ndani ya nomino hai kuna makundi mawili. Kwenye picha na risasi tendo linamfikia mtu moja kwa moja, kana kwamba ndiye anayepigwa. Kwenye simu na kura tendo linaelekezwa kwake tu, na kauli ya kutendea haikwepeki. Nomino iliyoingia karibuni tunaitambua aina yake kwa kipimo hiki kimoja kabla ya vingine.

Juma la 9

Mitego ya maana kwa miaka. Tunaiandika kirefu kwa sababu ndiyo inayowapotosha wasomaji wa leo kuliko yote.

Simu. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya wa madini. Kwenye magazeti ya zamani simu ni telegramu kama ilivyo telefoni. Kwa hiyo akapiga simu Mombasa katika habari ya miaka ya 1920 inaweza kuwa maneno yaliyoandikwa kwenye fomu na kulipiwa kwa hesabu ya maneno. Tazama kitenzi cha upande wa pili: simu ikisomwa, ikiletwa au ikifika, ni telegramu, sauti ikisikika, ni telefoni. Simu ya upepo ni ya tatu, ile isiyo na waya. Pasipo dalili, weka alama ya haijulikani. Usikisie.

Kura. Asili ni Kiarabu, na ni ile kura ya bahati: vijiti, karatasi zilizokunjwa, nani atangulie. Waafrika wa Kenya waliwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza Machi 1957, wajumbe 8. Kwenye habari za hapa za kabla ya hapo, walipiga kura isisomwe kama uchaguzi mpaka muktadha useme hivyo. Dalili nzuri ni -pigia: kura ya bahati haina anayepigiwa, kura ya uchaguzi inaye.

Picha. Katika matoleo ya mapema tafuta pia sanamu, ambayo ilitumika kwa mchoro na kwa picha ya kamera. Usipoitafuta utadhani magazeti hayo hayakuzungumzia picha.

Michezo. Timu ikiipiga timu, imeishinda. Walipigwa kwenye ukurasa wa Kombe la Gossage, lililoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda, ni magoli. Walipigwa kwenye ukurasa wa mahakama ni viboko au ngumi. Sentensi zaweza kulingana neno kwa neno. Kwa hiyo kila mstari wa konkodansi, yaani orodha ya mistari yenye neno letu na maneno jirani yake, lazima ubebe jina la ukurasa ulikotoka. Hatukufanya hivyo mwanzoni. Mistari yote ya michezo imebidi irudiwe kwa mkono.

Vita. Pigana vita ni ya uwanjani, na ndiyo iliyojaa miaka ya 1939 hadi 1945. Piga vita ikifuatwa na yambwa ya pili, kama kupiga vita ujinga, ni ya kampeni, na baada ya uhuru wa 1963, vilipotangazwa vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi, ndiyo ya kuitafuta kwa bidii. Zisichanganywe kwenye hesabu moja. Pigania tumeipa kidahizo chake, yaani inahesabiwa kama neno la peke yake. Aliyepigania uhuru hakuupiga uhuru.

Juma la 10

Mtenda. Kauli ya -pigwa inaruhusu habari kuandikwa bila kumtaja aliyefanya: alipigwa risasi, walipigwa faini, chama kilipigwa marufuku. Hilo si kosa la lugha. Lakini msomaji wa historia ana haki ya kujua ni wapi mtenda ametajwa na ni wapi ameachwa, hasa kwa habari za kipindi cha Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Chama cha KAU (Kenya African Union) kilipigwa marufuku mwezi wa Juni 1953. Sentensi hii imekamilika kisarufi, na serikali ya kikoloni haimo ndani yake.

Kwa hiyo kila -pigwa inapewa alama moja kati ya tatu: mtenda ametajwa kwa neno na katika sentensi hiyohiyo, mtenda yumo katika sentensi moja kabla au baada, mtenda hayumo. Angalizo: neno na la mtenda huchanganyika na lile la kuunganisha. Alipigwa picha na mkewe yaweza kuwa mke ndiye aliyeshika kamera, au walisimama wote wawili mbele yake. Mistari kama hiyo inaingia alama ya utata. Tusiisukume ikae upande tunaoupenda.

Kazi ya kutia alama inafanywa na watu wawili, kila mmoja peke yake, mistari 100 kwa siku na si zaidi, kwa maana baada ya hapo kila kitu huanza kufanana na kilichotangulia. Wakitofautiana hawajadiliani kwanza. Wote wawili wanarudi kwenye picha ya ukurasa. Tofauti nyingi zinatokana na kusoma konkodansi bila kuutazama ukurasa.

Juma la 11

Hesabu. Matoleo yana urefu tofauti, hivyo idadi ghafi haina maana. Tunagawa kwa maneno yote ya toleo na kuzidisha kwa 10,000. Tuseme toleo lina maneno 18,000 na -piga 36: hiyo ni 20 kwa kila maneno 10,000. Toleo lenye maneno chini ya 5,000 linaunganishwa na la robo inayofuata, la sivyo habari moja ya mechi inapandisha kiwango cha mwaka mzima.

Kamusi za kale tunazitumia kama mizani ya pembeni. Kitabu cha lugha cha mmisionari Steere cha 1870 na kamusi ya mmisionari Krapf ya 1882 zimetangulia magazeti, na matumizi ya -piga yasiyo ya kugonga tayari yamo. Kirai kikiwa kwenye kamusi na kisiwe gazetini, tunakagua kwanza kama usomaji wa maandishi ulikosea. Kikiwa gazetini na kisiwe kwenye kamusi, tunaandika tarehe, ukurasa na safu, na kuhifadhi picha kamili ya ukurasa, si kipande chake.

Kinachofuata

Kurudia safu za Baraza zilizosomwa kwa ukurasa mzima juma la 3, kwa kuwa viungo vya uongo kati ya safu bado vimo humo. Kuongeza kuchapa na kuchapisha kwenye utafutaji ili zilinganishwe na -piga chapa mwaka kwa mwaka. Kupitisha msasa, taipu, doria na mnada kwenye vipimo vitatu. Mnada uanze: matangazo yake yako karibu kila toleo, na tayari tuna shaka kwamba kitu kilichopigwa mnada kinafuata njia ya marufuku, si ya picha.